Tulisema Tunakula Wali

Jumatano, 16 Oktoba 1996

Mradi umefika. Gari jeupe, dereva, bwana mmoja, na vumbi la kuwatosha watoto wote wa shule. Mkutano ulitangazwa saa tatu asubuhi, wao wakafika saa saba mchana. La kulaumiwa likawa jua — eti kali.

Bwana anaitwa Awadhi. Ofisi yao iko Masasi. Nasikia ni mtoto wa huko huko, ila Kiswahili chake amekipiga pasi mpaka hakina mkunjo hata mmoja. Kachora duara tatu ubaoni, darasa la tano. Ya kwanza: mvua zimebadilika, tujifunze kuishi nazo. Ya pili: tulinde uoto wa asili. Ya tatu: chakula. Akasema mambo hayo matatu hayatenganishwi, na duara akazichora zimeingiliana. Pale katikati zinapokutana akaacha wazi. Nilidhani ataandika kitu. Akapangusa chaki mikononi, akauliza kama kuna swali. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Halfani, akasimama kuuliza habari za posho.

Huo uoto wa asili ni kichaka chetu cha Chilundu, kule ukingoni ambako ardhi inaanza kushuka bondeni. Kwingine kote ni mikorosho. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao, kila mtu kang'oa kila kitu apande mikorosho. Mtama umekwenda, njugu mawe zimekwenda. Chilundu imebaki kwa sababu ni miiba mitupu na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuifyeka. Leo Mwenyekiti kawaambia wageni kwamba tuliitunza.

Nimepata kazi. Kujaza madodoso, nyumba mia na ishirini. Mwandiko wangu bado unajulikana, ingawa tangu chama cha ushirika kinipunguze pale ghalani, yapata miaka mitatu, sijaandika kitu zaidi ya daftari hili na barua za majirani kwa watoto wao walioko Dar.

Ijumaa, 25 Oktoba 1996

Nyumba kumi na nane leo. Miguu imekwisha.

Maswali ni ishirini na mbili lakini yote ni ya kupitisha wakati, isipokuwa la 14: Chakula kikipungua, kaya yenu hula nini?

Jumanne nilianza kwa Mwenyekiti, kwa heshima. Kanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Nikasoma swali. Akasema wali. Nikamwangalia. Nyuma yake, mlangoni pa jiko, maganda ya ming'oko, ile mizizi ya porini, yamelala chungu nzima, hata kuku wameyachoka.

"Andika wali," akasema tena, taratibu, kama mwalimu anayesoma imla. Nikaandika wali.

Nyumba ya Zena, jirani yangu: ugali wa mahindi, na nyama kila Ijumaa. Nyama! Zena nyama anaijua kwa harufu, tena upepo ukitoka Newala mjini. Leo ni Ijumaa. Alikuwa anachambua kisamvu. Nikaandika nyama.

Jumamosi, 26 Oktoba 1996

Wali, wali, wali. Mtu angesoma fomu hizi angedhani uwanda wetu huu ni mabonde ya mpunga.

Najua kwa nini wanadanganya. Ming'oko ndiyo iliyotulea, wote. Ghala likiwa tupu tunaingia Chilundu kuichimba. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba: fuata ile kamba yake iliyokauka mpaka inapozama ardhini, chimba kwa pembeni, kata mzizi, kichwa kiache na kipande chake ndani ya udongo, fukia, kanyaga kwa kisigino. Aliyeacha shimo wazi mama hakumsalimia mwezi mzima. Ndiyo maana baada ya miaka yote hiyo ming'oko bado imo.

Halafu wakaja watu wa kangomba, wale wachuuzi wanaonunua korosho kwa kipimo cha bakuli, na mchele wao. Bakuli la korosho, bakuli la mchele. Wali ukawa chakula cha watu, na ming'oko ikawa ya nani? Siku hizi wanawake wanarudi kutoka Chilundu na vikapu vimefunikwa majani. Ukiwauliza, wametoka kuni. Kuni gani zinazobebwa kikapuni! Mwanamke akionekana anachimba, watasema mumewe hana korosho, watasema mjomba wake amemtupa. Sasa mbele ya mgeni mwenye gari nani atasema?

Mimi ni karani. Karani anaandika alichoambiwa. Na wakijidanganya, shauri yao.

Fomu yangu ni namba 61. Wali na maharage. Ndiyo. Niwe peke yangu mwenye njaa kijiji kizima?

Jumanne, 29 Oktoba 1996

Nimemaliza. Ya mwisho ilikuwa nyumba ya Bibi Mwanakombo, mwisho wa njia inayokwenda Mkunya. Anaishi na wajukuu watatu. Binti yake alifariki mwaka juzi na mkwe akaenda zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa kwenye kivuli."

Alijibu kila swali bila haraka. Tukafika la 14.

"Ming'oko," akasema. "Hata wewe, Mama Flora, marehemu mama yako alikulisha hiyo hiyo. Andika."

Nikaandika wali.

Hajui kusoma. Alikuwa anatazama kalamu inavyokwenda na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Njiani nikajiambia nimemhurumia: fomu mia na kumi na tisa za wali na nyama na moja ya ming'oko, si wangemwona ndiye fukara pekee wa kijiji? Nikajiambia hivyo mpaka njia panda. Kweli yenyewe ni nyingine. Fomu yake moja ingezifanya zetu zote kuwa uongo, na ya kwangu imo.

Alinifungia ming'oko minne kwenye jani la mgomba, ya kula njiani. Nimeimaliza kabla sijafika barabarani.

Alhamisi, 12 Desemba 1996

Awadhi karudi na ripoti. Ina jalada la plastiki. Kasoma sentensi moja mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu zaidi: kaya mia na ishirini kati ya mia na ishirini hazitegemei Chilundu kwa chakula. Alikuwa na furaha kweli. Kwa hiyo, akasema, kichaka kinaweza kufungwa miaka mitano bila kumuumiza mtu yeyote. Hakuna kuingia, hakuna kukata, hakuna kuchimba. Badala yake tutaletewa pingili za muhogo, mbegu inayostahimili ukame. Duara tatu zote zimepata chakula chao, isipokuwa sisi.

Akasema alipita kichakani na kuona dalili za uharibifu: vishimo vingi vilivyofukiwa. Akauliza ni nani. Watu wakatazamana. Mwenyekiti akasema labda nguruwe pori.

Nguruwe pori wa kwetu anafukia shimo na kukanyaga kwa kisigino! Na hakuna aliyecheka. Watu wazima, wake kwa waume, wanatikisa vichwa: ndiyo, nguruwe pori, tena mwaka huu wamezidi.

Nilinyanyua mkono. Ulifika usawa wa sikio nikaona Zena ananitazama, nikajikuna kichwa.

Wakapiga makofi. Mdogo wangu Ambrosi kateuliwa kuwa mlinzi wa kichaka. Kapewa buti na filimbi. Kutwa nzima anaipuliza kuijaribu.

Mvua bado.

Ijumaa, 3 Januari 1997

Pingili zimefika. Zilikaa Masasi siku tisa juu ya lori kwa sababu dereva alikwenda kula Krismasi kwao. Zimekauka, ukizikunja zinalia. Tukaambiwa tupande hivyo hivyo. Tumepanda. Ardhi ni unga.

Mwenyekiti kapita akisema kila kaya imwagilie asubuhi na jioni. Maji! Kila ndoo inapanda kutoka bondeni juu ya kichwa cha mwanamke, na yeye anataka ipewe kijiti. Mkewe mwenyewe nimemwona akitikisa kichwa kwa kukataa.

Korosho zimekwisha, malori yamekwenda, na mchele umekwenda nao. Hilo hakuna aliyelifikiria Oktoba. Nani afikirie, na tulikuwa tumeshiba maneno.

Jumatatu, 13 Januari 1997

Ramadhani imeanza. Waislamu wa kwetu, Ramadhani ikiangukia msimu wake, futari yao ni ming'oko na chai. Sasa ni uji mwembamba. Mwenyekiti katoka msikitini anawaambia wenzake kwamba kwake wanafuturu tambi. Midomo imempasuka kwa ukavu lakini tambi imo!

Zena kaja kuomba chumvi. Nikampa. Nikamuuliza anakwenda kuungia nini. Akaniuliza kwa chini chini kama Ambrosi hulala mchana. Zamani alikuwa analala. Tangu aambiwe kuna wakubwa watakuja kukagua, halali.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka wa kawaida, Januari mvua imeshanyesha, kamba zimechipua, na ming'oko imekuwa maji matupu, haina faida. Mwaka huu mvua imegoma, kwa hiyo bado imelala ardhini nzima nzima, tamu, inatungoja. Mvua iliyotunyima shamba imetuachia hiyo. Na sisi tumeifungia nje ya midomo yetu kwa kalamu yangu.

Jumatano, 29 Januari 1997

Ambrosi kamkamata Bibi Mwanakombo.

Alimkuta kachuchumaa, anafukia shimo. Angekuwa mwizi angekimbia akaliacha wazi. Ambrosi akapuliza filimbi — mtu yuko hatua tano mbele yake na yeye anapuliza filimbi. Akamleta ofisini kupitia katikati ya kijiji, na jembe lake dogo, na kikapu. Ambrosi huyu huyu ambaye meno yake ya kwanza yaliota juu ya ming'oko. Nilimwambia hivyo. Akasema yeye anafuata kazi, kama mimi nilivyofuata yangu.

Alhamisi, 30 Januari 1997

Baraza limekaa. Mimi ndiye mwandishi wa kikao, maana hapa kila penye kalamu naitwa mimi.

Mwenyekiti akamuuliza Bibi kama alikuwa hajui sheria. Akasema anaijua, aliisikia.

"Lakini mimi nilimwambia Mama Flora aandike ming'oko, naye akaandika," akasema. "Kama imo kwenye karatasi, mbona nakamatwa?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kweli, alitaka kujua.

Mwenyekiti akaagiza fomu iletwe. Nakala ninazo mimi, kwenye sanduku la ofisi. Nikaitoa, namba 120. Nikasoma: wali.

"Nani alisema wali?" Bibi akaniuliza.

Nikasema sikumbuki vizuri. Niliyasema haya mbele ya watu kama thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso, maana kila mmoja alikuwa na wali wake mle sandukuni. Kimya kile kilinisaidia. Nakichukia.

Hukumu: kuku wawili, asamehewe mmoja kwa heshima ya mwezi mtukufu. Kikapu kibaki ofisini kama kidhibiti mpaka Bwana Awadhi akione. Ming'oko ya siku mbili kwa watoto watatu imewekwa juu ya meza chini ya bati la moto, ili ioze kwa utaratibu.

Nimeona haya. Nimefika nyumbani nimekaa chini, sikupika.

Jumatatu, 3 Februari 1997

Nimezunguka. Nikasema twende Masasi, hata watu watano tu, tuseme fomu ni za uongo, kichaka kifunguliwe kwa wachimbaji wanaofukia mashimo.

Zena: kwa hiyo unataka wajue kwamba mimi sili nyama?

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nalikubali. Kisha akasema wafadhili wanakuja tarehe 20 kuona kijiji kisichokula msitu wake. Kijiji cha mfano. Tukisema sasa, mradi unahamia Makote, na Makote watatucheka mpaka kiama.

Nikamuuliza jana alifuturu nini.

"Mama Flora," akasema, "mimi nina miaka sitini na nane. Usinivue nguo mbele ya mke wangu."

Mkewe alikuwa jikoni. Tumbo la mzee lilinguruma, sote tukalisikia, tukazungumzia mikorosho.

Nimepita ofisini. Kikapu kimeanza kunuka. Karani wa kata kaweka dirisha wazi, nzi nao wana sikukuu yao.

Jumanne, 11 Februari 1997

Idi imepita, kimya. Wajukuu wa Bibi Mwanakombo walivaa nguo safi wakakaa mlangoni.

Mvua ilinyesha jana, robo saa, ikaacha. Ikirudi mara mbili tatu kamba zitachipua, na hapo hata kichaka kikifunguliwa hakuna kitu.

Pingili zote zimekufa. Nimeng'oa zangu nikakokea moto. Zinawaka vizuri sana, hilo niliandike, mradi usikose sifa.

Jumatano, 19 Februari 1997

Gari limeleta chakula cha wageni wa kesho: mchele kilo kumi, mafuta, nyanya, kuku wanne. Nipike mimi, jikoni mwa shule, kwa kuwa mimi ni msafi. Mwenyekiti kanisisitiza: wali usiungue, waone tunavyokula.

Tunavyokula!

Alhamisi, 20 Februari 1997

Naandika nikiwa jikoni mwa shule, nimekalia mbuzi ya nazi, daftari juu ya goti. Sufuria imechemka. Wageni wako darasa la tano, wazungu wawili na mama mmoja kutoka Dar, wanaonyeshwa duara tatu. Safari hii zimechorwa kwenye karatasi kubwa, kwa rangi.

Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri nilibeba mchele wote nikaenda nyumba ya Bibi Mwanakombo. Nikamwambia: mimi ndiye niliyeandika wali, wewe hukusema, na barazani nilikumbuka vizuri kabisa. Nikamwamkia. Akasema "Marahaba," hakuongeza mwanangu. Akaupokea mchele, akaupima kwa macho, akamtuma mjukuu apeleke nusu kwa Zena. Kisha akaingia ndani akanitolea jembe lake. Walimrudishia. Hakusema nilifanyie nini.

Nikaenda Chilundu. Ambrosi alikuwa amesimama pale kwenye kibao, filimbi mdomoni. Nikamwambia apulize, wageni wako njiani, watamsikia na kumsifu. Akanitazama. Akaitema filimbi ikaning'inia kifuani, akageukia barabara kana kwamba kuna kitu kinakuja. Nikaingia. Nimechimba vikapu viwili. Mikono ilikumbuka yenyewe. Mashimo nimefukia yote. Ming'oko bado mizuri, ila michache nilikuta imeanza kulegea upande wa kichwa. Wiki moja zaidi ingetosha kuiharibu.

Kwa hiyo kilichochemka humu ni ming'oko. Kuku wamo, nimewakaanga. Wali hakuna, hata punje.

Mwenyekiti kaja mlangoni mara ya kwanza: wali vipi? Nikasema unaiva. Kaja mara ya pili, akavuta harufu. Mtu hawezi kuikosea harufu ile. Akasimama pale, nikaona koo linapanda na kushuka. Akaniambia nimemuua. Akaondoka bila kufunua sufuria.

Halafu akaja Awadhi mwenyewe. Yeye alifunua kabla sijamzuia. Nikangoja anifokee kwa kile Kiswahili chake. Akachukua mmoja, akaubana kwa kidole gumba na cha shahada, akauvuta, ganda likavuka lote mpaka mwisho. Mgeni hawezi hivyo, mgeni huuvunja vipande. Akala. Akachukua wa pili. Alikuwa ameupa mlango mgongo ili wa nje wasimwone. Wa tatu akauchovya kwenye chumvi bila kuuliza chumvi iko wapi.

Nikamwambia, "Ulikuwa unajua."

"Bibi yangu alichimba mpaka anakufa. Kule Lulindi."

"Na vile vishimo je?"

Akatafuna kwanza. "Nilivijua."

"Mbona hukutuuliza?"

"Niliwauliza, Mama Flora. Swali la kumi na nne. Wewe ndiye uliyeniletea majibu."

Nikamwambia kwamba hata yeye kwenye ile ripoti angeweza kuandika habari za bibi yake mstari mmoja tu, asingekufa. Akasema, ofisini kwao yeye peke yake ndiye anayetoka huku, wengine wote wa Arusha na Dar na Ulaya. Fomu zetu mia na ishirini za uongo zilikuwa zimepungukiwa moja, ya kwake.

Akaniambia niwapelekee wageni wali, haya mengine tutazungumza wakishaondoka. Nikamwambia wali umekwenda njia ya Mkunya tangu alfajiri. Akadhani natania, akafunua masufuria yote, hata lile la maji.

Sasa amesimama kizingitini, ndani si ndani, nje si nje. Nimepakua ming'oko yote kwenye sinia la shule, kuku pembeni. Ni zito, linataka watu wawili. Nje mwalimu mkuu amewaambia wageni wanawe mikono. Mwenyekiti anaita mara ya tatu na sauti yake imekuwa nyembamba.

Nimemwambia Awadhi ashike upande ule. Nimemwambia tena. Anatazama vidole vyake, vina chumvi, anatafuta pa kuvifutia.